Jibu: Robo wimbi ya sm 75 haioanishi mzigo wa omu 100

Habari ndugu. Nimekuelewa: umekata kebo ya dishi ya omu 75, urefu sm 75 (robo wimbi, yaani robo ya urefu wa wimbi moja la redio), ili mzigo, yaani kifaa kilicho mwisho wa kebo kama antena, wa omu 100 uonekane kama omu 50 kwenye megahezi 100, na mita ya kupima impidensi (ukinzani kwa mawimbi ya redio, kwa omu) bado inakataa.

Hesabu ya impidensi iko sawa: omu za kebo mara zenyewe, gawa kwa za mzigo, 75 × 75 ÷ 100 ni omu 56, karibu na 50, inatosha. Angalia urefu kwanza. Sm 75 ni robo wimbi hewani. Ndani ya kebo wimbi huenda polepole. Kitabu kitakupa 0.66, yaani kasi ndani ya kebo ukilinganisha na hewani, uzidishe kwa sm 75, na hapo ndipo mimi niliponaswa hapa Kampala: nikakata sm 49.5, ikawa fupi mno! Hiyo 0.66 ni ya plastiki ngumu. Kebo nyingi za dishi zina povu ndani, karibu 0.82, yaani kama sm 61.

Usikiamini hata kipimo changu hicho. Anza na sm 65, acha mwisho wazi bila mzigo, upunguze kidogo kidogo mpaka mita ione shoti kwenye megahezi 100. Kebo yako sijaiona, kwa hiyo ikigoma tuma picha ya kebo iliyochunwa.