Nani Alipie Ukuta? Wasomaji Wauliza Kuhusu Galeri, Ada na Kamisheni

Barua nyingi za safari hii zinazunguka jambo moja: galeri ikate kiasi gani, na msanii atoe nini mfukoni kabla kazi haijatundikwa. Tumezifupisha na kuondoa majina.

Shikamooni wahariri. Galeri moja imenikubalia kuonyesha picha nane kwa wiki tatu. Wanataka shilingi 350,000 za ukumbi kabla ya maonyesho, na kila picha ikiuzwa wakate asilimia 40. Wenzangu wananiambia ndiyo kawaida. Ni kweli? (Mchoraji, Kinondoni)

Marahaba. Asilimia 40 ni kawaida. Hizo 350,000 juu yake zisikubaliwe hivi hivi.

Kamisheni za galeri huwa kati ya asilimia 30 na 50, na katika miji kama London na New York nusu kwa nusu ndiyo desturi. Anayeisikia mara ya kwanza huona ameporwa. Lakini mwenye galeri analipa pango, umeme, mlinzi, mtu wa kukaa mezani, mialiko na vinywaji vya siku ya ufunguzi, na juu ya yote ana daftari la wanunuzi alilolijenga kwa miaka. Akiuza mnapata wote. Asipouza, pango la wiki tatu limemlia yeye. Kwa hiyo ana sababu ya kumpigia simu mnunuzi saa mbili usiku.

Akishachukua ada ya mbele, sababu hiyo inapungua. Hebu tupige hesabu. Tuseme kila picha yako ni 500,000, na kila moja imekugharimu 120,000 za turubai, rangi na fremu. Umetoa 960,000 kwa picha nane hata kabla ya kufika pale. Zikiuzwa mbili, mauzo ni 1,000,000. Galeri inakata 400,000 na tayari ina 350,000 zako. Unabaki na 250,000. Toa gharama ya picha hizo mbili, 240,000, na faida yako ni shilingi 10,000. Bila ada faida ingekuwa 360,000. Isipouzwa hata moja, wao wana 350,000 na wewe una deni la fundi wa fremu. Sasa waweke wasanii kumi kama wewe katika maonyesho ya pamoja: galeri imekusanya 3,500,000 kabla ya kufungua mlango. Mteja wake hapo ni nani, mnunuzi wa picha au nyinyi wachoraji? Swali hilo ndilo tunalolitumia kupima galeri yoyote.

Yapo malipo ya mbele ambayo hatuna ugomvi nayo. Mojawapo ni kukodi ukumbi: unalipa pango, unauza mwenyewe, hukatwi kitu. Shilingi 350,000 ni sawa na asilimia 40 ya mauzo ya 875,000. Ukiwa na wateja wako na una hakika ya kupita kiwango hicho, kukodi ni nafuu kwako, ila mlinzi, mtu wa mezani na rangi ya kuziba matundu ya misumari vitakuwa juu yako. Lingine ni kiingilio na michango ya ushirika, kwa sababu ushirika ni mali ya wanachama na wao ndio wanaoamua makato. Wachoraji wa Tingatinga pale Oysterbay, karibu na Morogoro Stores, walianza kwa kutundika kazi nje tu. Edward Saidi Tingatinga alipofariki mwaka 1972 wanafunzi wake wakaendelea, na mwaka 1990 ushirika wao ukasajiliwa. Kodi ya studio nayo, kama zile za Nafasi Art Space kule Mikocheni, ni jambo jingine kabisa: unalipia mahali pa kufanyia kazi.

Wewe rudi kwao na maneno haya: "Asilimia 40 nakubali. Hizo 350,000 naomba ziwe kamisheni ya mbele, mzihesabu kwenye mauzo ya kwanza." Maana yake ni kwamba hawatakata kitu mpaka mauzo yavuke 875,000. Galeri yenye uhakika wa kuuza haina cha kupoteza hapo, ila ongeza sharti moja: mauzo yasipofika kiwango hicho, salio lirudishwe. Wakikataa yote mawili, umeshajua wanategemea kula wapi.

Hamjambo. Galeri ya hapa inakata asilimia 40, nami huongeza asilimia 40 kwenye bei ili nisipate hasara. Bado naona napungukiwa. Nakosea wapi? (Mchoraji, Mombasa)

Unaongeza mahali pa kugawanya. Tuseme turubai na rangi ni Sh 4,500, fremu 3,500, na saa 20 za kazi kwa 600 kila moja ni 12,000. Jumla 20,000; hicho ndicho unachotaka kifike mkononi. Ukiongeza asilimia 40 unapata 28,000. Galeri ikikata asilimia 40 ya 28,000 unabaki na 16,800, yaani umepoteza 3,200. Gawanya 20,000 kwa 0.6: ni 33,333. Andika 34,000, upate 20,400.

Bei hiyo iwe moja kila mahali. Mnunuzi akiona 34,000 galerini na 20,000 ukimuuzia studio, hatarudi galerini tena, na galeri nayo haitakuita tena. Unapouza mwenyewe, zile 13,600 za ziada ni malipo ya kazi ya kuuza, nayo ni kazi.

Kisha angalia mitego mitatu. VAT kwanza. Galeri iliyosajiliwa ikitoa risiti yenye VAT ya asilimia 16 ndani ya bei nzima, 34,000 inakuwa 29,310 kabla ya kodi, na asilimia 60 yake ni 17,586. Uliza kabla ya kusaini: kamisheni inapigwa kwenye bei yenye kodi au isiyo na kodi? Punguzo nalo. Mnunuzi mzoefu ataomba asilimia 10, na atalipa 30,600. Mkigawana kwa uwiano uleule utapata 18,360. Galeri ikikubebesha punguzo lote utapata 17,000. Andikeni kwamba galeri inaweza kupunguza hadi asilimia 10 na hasara mnagawana, zaidi ya hapo wakupigie simu kwanza.

Mtego wa tatu ni fremu, na hapa wasanii wengi wanaacha pesa mezani. Omba gharama ya fremu itolewe kwanza, ndipo kamisheni ikatwe: 34,000 kutoa 3,500 ni 30,500, asilimia 60 yake ni 18,300, rudisha 3,500 yako, unapata 21,800. Wachongaji wanaomwaga shaba hufanya hivyohivyo kwa gharama ya kalibu na madini, na galeri zimezoea kuombwa.

Nachonga mpingo. Niliacha vinyago kumi na moja kwenye duka la watalii kwa mali kauli. Viwili havipo rafuni, mwenye duka anasema "vipo stoo". Sina karatasi yoyote. Nifanyeje? (Mchongaji, Arusha)

Leo nenda na mtu mmoja wa kushuhudia, omba kuhesabu vyote pamoja, stoo ikiwemo. Vilivyopo piga picha kimoja kimoja, andika orodha, mwenye duka asaini na kuweka tarehe. Kwa vile visivyoonekana mwandikie ujumbe wa kawaida wa simu: "Vinyago viwili, bei kadhaa, nilikuachia mwezi fulani, naomba hesabu." Akijibu bila kukana, hata "subiri kidogo", una ushahidi kwamba alivipokea. Usianze kwa ukali. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inamtaka wakala atoe hesabu kwa mwenye mali anapoidai, lakini hesabu bila ushahidi wa mapokezi ni maneno matupu.

Safari ijayo usiache kinyago bila hati ya mapokezi, nakala mbili. Iwe na jina la kazi, aina ya mti, urefu na uzito, namba uliyoiandika chini ya kitako, bei ya kuuzia, mgao wako, tarehe ya kupokea na tarehe ya kurudisha. Halafu sentensi nne. Kazi ni mali ya mchongaji mpaka alipwe. Malipo ndani ya siku 30 tangu kuuzwa. Ikipotea au ikivunjika dukani, duka linalipa mgao wa mchongaji kamili. Mchongaji anaweza kuja kuhesabu wakati wowote wa kazi.

Ile ya kwanza watu huidharau, na ndiyo inayookoa. Mwenye nyumba akifunga duka kwa deni la pango, vitu vyote vilivyomo vinafungiwa pamoja, na mwenye duka akifilisika wadai wake watahesabu vinyago vyako kama mali yake. New York ilitunga sheria tangu miaka ya 1960 kwamba kazi iliyoachwa galerini kwa kuuzwa, pamoja na fedha zake, ni amana ya msanii. Hata hivyo galeri kubwa ya Salander-O'Reilly ilipoanguka mwaka 2007 wenye kazi walihangaika mahakamani, na mwaka 2012 sheria hiyo ikakazwa. Kama huko kwenye sheria mahususi watu walihangaika, wewe usitegemee kauli.

Kuhusu nyufa: mpingo ambao haujakauka vizuri hupasuka ukiwekwa karibu na taa kali au kiyoyozi, kwa sababu nje hukauka haraka kuliko ndani. Piga picha siku ya kukabidhi, na andikeni kinyago kisiwekwe chini ya taa, la sivyo kila ufa utakuwa kosa lako. Na duka likipanga kusafirisha nje: mpingo umo tangu 2017 katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia kwa vibali biashara ya mimea na wanyamapori walio hatarini. Shehena yenye hadi kilo 10 za mti huo, ikiwa ni vitu vilivyokamilika, haihitaji kibali hicho. Zaidi ya hapo inahitaji, na mkubaliane mapema nani anakifuatilia.

Nimepata barua pepe kutoka galeri ya Ulaya. Wanasema kazi zangu "zina nguvu ya kipekee" na wananialika kuonyesha kwa euro 1,200, mita mbili za ukuta, siku kumi. Nikope? (Mchoraji, Mwanza)

Usikope, ndugu yetu.

Ukuta unaouzwa kwa mita ni biashara ya kukodisha ukuta. Si kosa la jinai, ila usiuchukulie kama kutambuliwa. Dalili zake zinafanana: sifa zisizotaja hata picha moja kwa jina, muda wa kujibu wa siku chache, cheti cha ushiriki, na orodha ya huduma za kununua zaidi, kama ukurasa kwenye katalogi au mahojiano ya video. Juu ya euro 1,200 weka usafirishaji wa kwenda, ushuru wa huko, na usafirishaji wa kurudi ambao hakuna anayeutaja. Wapo wasanii ambao kazi zao zimebaki huko kwa kukosa nauli ya kuzirudisha.

Ukitaka kujiridhisha, tafuta majina ya wasanii wawili walioonyesha hapo mwaka jana, waandikie swali moja tu: ziliuzwa ngapi, na mnunuzi alitoka wapi? Ada ndogo ya kuwasilisha maombi kwenye mashindano yenye majaji ni kitu kingine. Dola 20 au 30 za kuendesha uchambuzi zinaeleweka. Ada inayokuja baada ya "kuchaguliwa" ndiyo ya kukimbia.

Asalaam aleikum. Taasisi ya utamaduni inataka kazi zangu 12 kwa miezi miwili. Hawauzi, hawakati kamisheni, na hawalipi. Wanasema nitajulikana. (Msanii, Unguja)

Waaleikum salaam. Hapa pesa itembee upande mwingine: wao wakulipe wewe. Galeri ya kuuza inakupa nafasi ya mauzo. Taasisi isiyouza inachukua kazi zako kama maudhui ya programu yake, tena mara nyingi yenye mfadhili. Kanada sheria ya hakimiliki ilibadilishwa mwaka 1988, na msanii ana haki juu ya kuonyeshwa hadharani kwa kazi yake pale maonyesho yasipokuwa ya kuuza wala kukodisha. Chama cha wasanii wa huko, CARFAC, kilichoanza 1968, hutoa viwango vya malipo ambavyo makumbusho huvitumia. New York kundi la wanaharakati wa malipo ya wasanii, W.A.G.E., limekuwa likidai jambo hilohilo tangu 2008.

Kwenu anza na gharama, kwa sababu hazina ubishi: usafiri wa kwenda na kurudi, fremu, bima au barua ya kubeba hasara, picha nzuri za maonyesho utakazomiliki. Kisha posho ya msanii. Omba bajeti ya mradi. Mpiga muziki wa siku ya ufunguzi akiwa na fungu lake, mtu wa chakula akiwa nalo, nawe uwe nalo. Wakisema hakuna kabisa, punguza: kazi nne badala ya 12, mwezi mmoja badala ya miwili. Na bei zako ziwepo kwenye karatasi mezani, hata kama hawauzi.

Mnunuzi aliona picha yangu galerini, maonyesho yakaisha, miezi miwili baadaye akanipigia anataka nyingine. Galeri ina haki ya kamisheni? (Mchoraji, Nairobi)

Soma mkataba. Mkataba ukitaja muda, kwa mfano miezi sita kwa wateja waliokutana nawe kupitia galeri, lipa. Mkataba usipotaja kitu, hudaiwi kisheria, ila kama ungependa wakuite tena, mpe galeri sehemu, hata asilimia 15 au 20, sisi tungelipa. Mteja uliyekuwa naye kabla ya maonyesho hahusiki, na ndiyo maana unawapa orodha ya wateja wako siku ya kusaini.

Dai pia jina na anwani ya kila mnunuzi. Galeri nyingi huficha. Kenya, kwa marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2019, msanii anastahili asilimia 5 picha yake inapouzwa tena kibiashara, na huwezi kuidai kwa picha ambayo hujui iko kwa nani.