Wasomaji Wanauliza: Doa la Damu Lililogoma Kutoka

Barua za safari hii nyingi zina kilio kimoja, damu kwenye nguo. Tumeanza na ndefu kuliko zote, kwa sababu kosa lililomo humo limejirudia karibu katika barua zote nyingine.

Habari zenu wa ukurasa huu. Mwanangu alitokwa damu puani ikamwagikia shati jeupe la shule. Nikalitia kwenye maji ya moto yenye sabuni ya unga, nikasugua mpaka vidole vikachubuka, nikaanika, nikapiga pasi. Sasa pana doa la kahawia kifuani na kila nikifua liko palepale. Shati ndiyo basi tena? — Mama wa mvulana mmoja

Pole mama. Shati bado lina nafasi, ila kazi imeongezeka.

Damu imejaa protini, kama ute wa yai. Ute ukiutia kwenye maji baridi unavurugika na kuchanganyika nayo. Ukiudondosha kwenye maji yanayochemka unaganda, na hakuna namna ya kuurudisha kuwa majimaji. Ndivyo ilivyokuwa kwenye shati. Maji ya moto yaliipika damu ikiwa ndani ya nyuzi, pasi ikamalizia. Rangi ya kahawia inatoka kwenye kile kinachoipa damu wekundu wake, chenye madini ya chuma ndani yake, ambacho hubadilika rangi kikikaa kwenye hewa na joto.

Kwa kuwa protini imekwisha kuganda, kusugua peke yake hakutafua dafu. Inatakiwa ikatwekatwe. Tafuta sabuni ya unga yenye vimeng'enya, yaani viini vinavyokatakata uchafu kama tumbo linavyomeng'enya chakula. Pakiti huwa imeandika, na kinachohusika hapa ni kile kiitwacho proteasi, kinachokata protini. Koroga vijiko 2 vya chakula kwenye lita 5 za maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, yaani mkono ukiingia usihisi joto wala baridi. Yakizidi hapo sana vimeng'enya vyenyewe vinaharibika. Zamisha shati lote na uliache usiku kucha. Nusu saa haitoshi, maana vimeng'enya hula taratibu, na wengi wanaosema sabuni hii ni uongo waliitoa nguo mapema mno.

Asubuhi suuza kwa maji baridi, kisha uliangalie shati likiwa bado bichi, mbele ya dirisha. Kama doa limepauka lakini lipo, chukua hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa inayosafishia vidonda. Jaribu kwanza tone moja kwenye pindo la ndani, usubiri dakika 10. Rangi ya kitambaa isipobadilika, tandika taulo chini ya doa, mimina peroksaidi mpaka doa lilowe, uache dakika 10, kandamiza kwa kitambaa safi, kisha urudie. Mara 3 au 4 ni kawaida kwa doa lililopigwa pasi.

Usishangae povu likiwa dogo. Damu mbichi ikikutana na peroksaidi hutoa povu jingi kwa sababu ina kimeng'enya kinachoivunja kuwa maji na oksijeni. Katika damu iliyopikwa kimeng'enya hicho kimeshakufa. Dawa bado inafanya kazi, ila kimyakimya, kwa hiyo ipe muda. Lakini kama haitoi povu hata kwenye tone la damu mbichi, basi chupa imechakaa. Mwanga na muda huigeuza peroksaidi kuwa maji matupu, na ndiyo maana huuzwa kwenye chupa ya rangi nzito.

Mwishoni huenda ukabaki na kivuli cha manjano. Hicho hakina protini tena, ni mabaki ya chuma, na sabuni haikiwezi. Kwenye pamba nyeupe kipake maji ya limau, acha dakika 20, suuza vizuri. Kwenye nguo ya rangi usijaribu, limau huchujua.

Siku nyingine damu ikimwagika, geuza nguo ndani nje na uweke upande wa nyuma wa doa chini ya bomba la maji baridi. Maji yataisukuma damu itoke ilikoingilia. Ukimwagia upande wa mbele unaipenyeza zaidi. Yakianza kutiririka meupe, paka sabuni ya mche, sugua kitambaa kwa kitambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati, acha robo saa, suuza. Doa la dakika 10 zilizopita kwa kawaida halihitaji zaidi ya hapo.

Mimi ni fundi cherehani. Nikijichoma sindano na tone la damu likaangukia kitambaa cha mteja, nalipaka mate yangu. Wazee wa kazi walinifundisha hivyo. Ni kweli au ni imani tu? Na kwenye hariri nifanyeje? — Fundi

Fundi, kwa tone dogo linalong'aa bado, mate yanasaidia, na wazee hawakukosea. Sababu yake si ya ajabu: yako karibu, hayana moto, na yanafika kwenye doa kabla halijakauka. Mate yana vimeng'enya, lakini kile kinachojulikana zaidi ni cha kuvunja wanga, na damu si wanga. Kijibakuli cha maji baridi na uzi mweupe wa pamba pembeni ya cherehani vitafanya kazi hiyohiyo tena kwa usafi zaidi: kata uzi kama urefu wa kiganja, uvingirishe uwe kidonge, uloweshe, ugusishe kwenye tone. Pamba itafyonza. Tupa, chukua kingine. Usisugue, maana kwenye kitambaa kisichofuliwa bado, chenye ile wanga ya kiwandani, kusugua kunaacha alama ya mng'ao hata damu ikitoka.

Hariri na sufu zina mambo yake. Nyuzi zenyewe ni protini, kwa hiyo sabuni yenye proteasi haitofautishi damu na nguo. Inakula vyote viwili. Dalili huja polepole: mng'ao unapotea, kitambaa kinakuwa kikavu mkononi, halafu kinachanika bila sababu. Tumia maji baridi na matone machache ya shampuu laini, kwa kugusagusa. Alama ya maji ikijichora, lowesha kipande chote mshono hadi mshono ili kikauke sawasawa, ukiwa umekwisha kujaribu kwenye kipande cha ziada kama rangi inahimili maji. Dawa ya klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, kwenye vitambaa hivi ni marufuku kabisa.

Nimesoma kwamba magadi soda yakichanganywa na siki yanatoa doa lolote, na povu lake nimeliona kwa macho. Mbona damu haikutoka? — Msomaji wa kudumu

Kwa sababu povu ulilolipenda ni soda na siki zikimalizana zenyewe. Kilichobaki kwenye beseni ni maji yenye chumvichumvi. Soda peke yake, ikipondwa na maji kidogo kuwa uji mzito, inafaa kushikilia unyevu juu ya doa. Siki peke yake haina kazi kubwa kwenye damu.

Dada zangu, hili naliuliza kwa aibu. Shuka zangu huchafuka wakati wa hedhi, na safari hii damu imefika kwenye godoro. Shuka naloweka kwa maji ya chumvi, godoro silijui la kulifanya. — Binti

Binti yetu, hapa hakuna la kuonea aibu, barua kama yako ni nyingi.

Shuka na nguo za ndani zinataka kitu kimoja zaidi ya vyote: zisikauke. Ukiamka usiku na hutaki kufua, tumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi, ulale. Chumvi inasaidia kidogo, vijiko 2 vya chakula kwa lita moja, lakini sifa inazopewa zimezidi. Sehemu kubwa ya kazi inafanywa na maji baridi na muda. Yakigeuka ya waridi yamwage, weka mengine. Watu hukosea hapa: wanaloweka kutwa nzima kwenye maji yaleyale mekundu, na damu inarudi kwenye kitambaa na kukitia kivuli chote. Maji yakibaki meupe kwa robo saa, ndipo ufue kwa sabuni kama kawaida.

Damu ya hedhi huchanganyika na ute, kwa hiyo huacha ukingo mgumu. Ukikauka, ukwangue kwa ubapa wa kijiko kabla ya kulowesha, na uendelee kwa sabuni yenye vimeng'enya kama tulivyomweleza mama hapo juu.

Sasa godoro. Adui wa godoro ni maji kuliko damu. Ukilimwagia, damu inashuka ndani ya sponji usikoweza kuifikia, kisha unyevu unaleta ukungu na harufu. Fanya kila kitu kwa kiasi kidogo. Lowesha kitambaa cheupe kwa maji baridi, kikamue mpaka kisidondoke, kandamiza juu ya doa, inua, geuza upande safi, kandamiza tena. Ukimaliza, tengeneza uji: robo kikombe cha peroksaidi ya asilimia 3, kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko kimoja cha chumvi, na unga wa wanga wa mahindi wa kutosha kuufanya uwe mzito kama dawa ya meno. Peroksaidi inavunja rangi, sabuni inalainisha, na wanga ukikauka unafyonza kilichopanda juu. Paka unene wa kama nusu sentimita na uache ukauke kabisa, saa kadhaa. Kwangua, pangusa vumbi kwa brashi kavu, urudie kama bado. Uji uliobaki utupe. Usiufungie kwenye chupa, kwa sababu gesi inaendelea kutoka na chupa inaweza kupasuka.

Halafu lisimamishe godoro ukutani mahali penye upepo, lisitandikwe mpaka likauke hadi ndani. Bonyeza kwa kitambaa kikavu. Kikitoka na ubaridi wa unyevu, subiri.

Kwa nini tusiweke tu dawa ya klorini tukamaliza? Na nikiongeza amonia si itakuwa kali zaidi? — Kaka mwenye haraka

Kaka, hilo la pili usilifanye hata kwa majaribio. Klorini na amonia hutoa mvuke unaochoma mapafu. Klorini na siki au limau hutoa gesi ya klorini yenyewe. Bafu dogo lililofungwa dirisha linatosha kumlaza mtu hospitali. Kama umetumia limau kwenye nguo, isuuze mara kadhaa kabla klorini haijaikaribia, na kinyume chake.

Ama kuimwaga juu ya doa bichi, huokoi muda. Nguvu yake inaishia kwenye damu yenyewe, na doa linaweza kubaki la manjano lililoshikamana zaidi kuliko lilivyokuwa. Nguo ya rangi itakuwa na baka jeupe milele.

Suruali yangu ya jinzi ya bluu nzito ilipata damu nilipokatwa na kisu. Peroksaidi je? — Mwanafunzi

Kwenye bluu nzito hatukushauri. Itatoa damu na kuacha duara lililochujuka. Loweka kwa maji baridi saa 4, paka sabuni ya mche, tumia mswaki laini kufuata mistari ya mfumo wa kitambaa, si kuzunguka. Angalia hasa kwenye mishono, damu hujificha kwenye uzi mnene.

Ninamuuguza mgonjwa nyumbani na nafua mashuka yenye damu. Wengine wananiambia niyachemshe moja kwa moja ili niue vijidudu, nyinyi mnasema maji baridi. Nimsikilize nani? — Mlezi

Wote, kwa mpangilio wake. Damu itoke kwanza kwa baridi, vijidudu vifuate. Vaa glavu za mpira, tena zisizotoboka, hata damu ikiwa imekauka: virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Beba shuka likiwa limekunjwa, doa ndani, mbali na nguo yako. Usilikung'ute. Lizamishe kwenye ndoo yake peke yake na ukoroge kwa mti badala ya kusugua kwa mkono, ili maji yasikurukie usoni. Mwaga maji hayo chooni, si kwenye sinki la vyombo.

Damu ikishatoka na shuka likishafuliwa kwa sabuni, una njia mbili. Pamba inayohimili unaweza kuichemsha, maana sasa hakuna cha kupikika. Au iloweke kwa dakika 30 kwenye klorini ya asilimia 0.05: ikiwa chupa yako imeandikwa asilimia 5, pima mililita 10 kwa kila lita ya maji, yaani 50 kwa ndoo ya lita 5. Klorini ikitiwa kabla, damu inaimaliza nguvu na vijidudu vinabaki. Suuza, anika juani. Glavu zioshe kwa sabuni zikiwa bado mkononi, uzivue kwa kuzigeuza ndani nje, halafu unawe mikono.