Mama mkwe anapokuja kukuona misheni Nairobi

Jioni moja ya Juni mlinzi wa ploti yetu hapa Umoja alinisubiri kwenye ngazi mpaka nilipomaliza kupandisha mtungi wa mwisho wa maji. Akavua kofia. "Mama Pasta," akasema kwa sauti ya msibani, "pole sana. Nimeskia bibi ya pasta anakuja kesho. Sasa nyinyi wawili mtakaa kwa hiyo nyumba moja?"

Sikumwelewa mara moja. Kumbe mwanangu wa pili alikuwa ameshinda getini akitangaza kwamba bibi yake wa kwa baba anakuja kutoka Mbeya. Kwetu Tanzania bibi ni mama mzaa baba au mzaa mama. Kwa mlinzi wetu bibi ni mke, na mama mzaa baba ni shosho, au nyanya, kitu ambacho mimi nakatia kwenye mchuzi. Basi mume wangu, mchungaji wa watu, alishahesabiwa mke wa pili, na majirani walikuwa wakinihurumia tangu mchana.

Huu ni mwaka wetu wa saba Nairobi. Tulitumwa na kanisa la kwao mume wangu, Mbeya, na kazi yetu iko Kayole, kwenye ukumbi wa mabati tunaoulipia kodi kila mwezi. Wageni wa nyumbani tumewapokea mara nane au tisa. Safari nyingine ziliniliza, nyingine natamani zirudi. Wapo wenzangu wanaotumwa nje ya nchi mwaka huu, na najua swali la kwanza la ndugu litakuwa: tunakuja lini kuwaona? Hayo ninayoyaandika hapa nilitamani kuambiwa mimi kabla ya mgeni wa kwanza.

Nianze na pesa, maana ndiko nilikoumia.

Ukisema mmisionari kijijini kwetu, watu bado wanamwona mzungu mwenye Land Cruiser na friji ya mafuta ya taa. Sisi hatuna gari. Posho yetu inatoka kwenye sadaka za washirika, na mwezi ambao mvua imechelewa Mbeya tunaujua hata bila kusikiliza redio. Mama mkwe wangu kila mavuno hupeleka kanisani debe mbili za mahindi, yanauzwa, fedha inaingia kwenye mfuko wa misheni. Akikaa mezani kwangu anakula mahindi yake mwenyewe, na ana haki ya kuangalia yamegeuka kuwa nini. Ndugu wa mtu aliyeajiriwa benki akija Nairobi anakuja kutembea. Ndugu yako wewe anakuja kutembea na kukagua, hata kama mwenyewe hajui kwamba anakagua.

Hilo sikulijua wifi yangu alipokuja, Desemba, miaka mitatu iliyopita. Alikaa wiki moja. Tukasema tumheshimu. Tukafunga vipindi vyote vya wiki ile, tukaazima gari la mshirika mmoja, tukampeleka kwa wale ndama wa tembo yatima wa kituo cha Sheldrick, ambao hutolewa saa tano asubuhi na saa sita wanarudishwa, kisha kwa twiga wa Lang'ata, kisha nyama choma. Jumamosi tukamzungusha kwenye duka kubwa lenye ngazi za umeme. Picha kama arobaini akaziweka kwenye status. Hata moja haikuwa ya Kayole, na angeipigia wapi wakati ukumbi tulikuwa tumeufunga kwa ajili yake?

Januari mweka hazina wa nyumbani akapiga simu. Hakugombana. Aliuliza tu kama kazi inaendelea, kwa sababu "watu wanaona". Mitaa miwili ya kanisa ikasimamisha michango mpaka Pasaka, na ada ya muhula ule tuliilipa kwa vipande vipande. Nilimkasirikia wifi kwa miezi, nikawa namsalimia kwa herufi mbili tatu. Lakini ukweli ni kwamba zile picha tulizipanga sisi wenyewe. Yeye alibonyeza tu.

Kwa hiyo siku hizi mgeni wangu yeyote anaiona wiki ya kawaida kwanza. Jumanne ibada ya nyumbani, Alhamisi akina mama, Jumamosi kufagia ukumbi na kupanga viti, Jumapili yenyewe. Matembezi yanakuja baadaye, na tunapanda matatu. Na kabla hajakata tiketi ninamtajia nyumba ilivyo: ghorofa ya nne, vyumba viwili, watoto watalala sebuleni, maji ya bomba yana siku zake na siku nyingine tunanunua kwa mtungi. Kutaja hivyo si kulalamika. Mtu akifika akakuta ulichomwambia, anatulia. Akikuta kingine, hata kama ni kizuri zaidi, anaanza kujiuliza.

Safari yenyewe nitaipitia haraka. Mtanzania haombi viza kuingia Kenya, lakini pasipoti au hati ya dharura lazima iwepo, na wazee wengi hawana, kwa hiyo anzeni mapema. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni muhimu hasa wakati wa kurudi. Chanjo moja inatosha maisha yote, ila kadi huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo asichome leo akasafiri kesho. Mzee alale Arusha, asiunganishe. Mpakani Namanga pande zote mbili zinagongea mihuri jengo moja, na kutoka hapo Nairobi ni kilomita kama 160. Mwambie asibebe vitu kwenye mifuko ya plastiki. Kenya waliipiga marufuku Agosti 2017, na mama yangu mzazi alipokuja, rambo zake nne za dagaa wa Tanga zilifunguliwa palepale mpakani. Dagaa waliingia Kenya ndani ya kitenge.

Huyo huyo mama yangu alikuja Julai. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, na Julai jua halionekani siku nzima. Mtu wa pwani alilala na khanga mbili, blanketi na koti la mkwe wake, akaniuliza nimemkosea nini Mungu. Mama mkwe ni mtu wa Mbeya, yeye aliiona ile baridi akasema hewa ni nzuri.

Sasa nirudi kwake, maana yeye ndiye aliyenifundisha. Alikuja kwa sababu nilikuwa najifungua mtoto wa tatu. Kwa maoni yangu hakuna ziara iliyo bora kuliko ya uzazi, maana kila mtu anajua mgeni amekuja kufanya nini. Usiku mmoja, nikiwa namsubiri mtoto, nilimsimulia habari za Krapf, yule mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844. Julai ya mwaka uleule alimzika mkewe Rosine, siku chache baada ya kujifungua, na kichanga naye akafa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Na mama yake huyo binti alikuwa wapi?" Nikamwambia Ulaya. Akanyamaza, akaenda kukoroga uji wa ulezi.

Mtoto alikuja salama. Siku arobaini mama akanishika kama yai. Lakini kabla ya hapo tulishakoseana. Siku ya tatu tangu afike alikuja jikoni amejifunga khanga kiunoni. "Leo siku ya tatu. Jembe langu liko wapi?" Nikacheka, nikamwambia mama pumzika, umesafiri mbali. Nilidhani ndiyo adabu. Mwanamke aliyeamka saa kumi na moja alfajiri maisha yake yote nikamweka kwenye kochi, ghorofa ya nne, anaangalia nguo za majirani zinavyokauka. Wiki haijaisha akaanza kuumwa kichwa, mara mgongo, mara chakula hakipandi. Mume wangu akataka kumpeleka hospitali.

Aliyemponya ni yule mlinzi. Kwa aibu ya maneno yake ya kwenye ngazi alikuwa anatafuta pa kutubu, akamletea magunia matatu yenye udongo na mbolea. Mama akayapanga kwenye baraza letu dogo, akapanda sukuma wiki na mchicha. Kichwa kikapona. Alhamisi akafuatana na akina mama Kayole. Sikujua angefanya nini huko, maana hahubiri wala haimbi vizuri. Alikaa kwenye benchi akavuta sinia la maharage akaanza kuchambua. Wakamzunguka. "Huyu mama anaongea Kiswahili cha redio," wakasema, na kila alichosema walimwomba arudie. Mpaka anaondoka alikuwa anazijua shida za ndoa za Kayole kuliko mimi.

Hapo napo pana jambo la kuangalia. Nyumba ya mmisionari ni ofisi. Watu wanakuja saa yoyote, wanalia sebuleni, na mama mkwe yupo hapo na ufumaji wake. Binti mmoja aliyekuwa anakuja kuongea nami kila wiki aliacha ghafla. Nilipomfuata akasema, "Siwezi, kuna mzazi." Hakuwa amekosewa na mtu. Sikuhizi kukiwa na mgeni mazungumzo ya namna hiyo nayahamishia ukumbini, na mgeni ninamwambia mapema kwamba anayoyasikia kwangu hayavuki Namanga. Mwambie kabla hajasikia lolote. Ukingoja aseme ndipo umkanye, umemvunjia heshima na siri imeshatoka.

Watoto nao. Wangu wamekulia hapa. Mama alipoingia mlangoni, mkubwa alisimama akampa mkono akasema, "Sasa, bibi?" Chumba kikawa kimya. Mimi ndiye nilitamani kuzama. Mama alimtazama yule mtoto kwa muda, akajibu polepole, "Marahaba." Akajibu salamu ambayo hakupewa. Mtoto akaelewa, na ile shikamoo iliyofuata ilitoka na magoti. Wewe anza wiki mbili kabla: shikamoo kila asubuhi, kila jioni, mpaka itoke yenyewe. Ila mwandae na mgeni pia. Mtoto wa Nairobi akisema "bibi, kuja" au "nipe maji" hakutukani, ndivyo lugha ilivyo kwa wenzake. Mama alilielewa hili siku alipokwenda mwenyewe kibandani na kusema, "Samahani mwanangu, naomba kiberiti." Kijana akamwonea huruma akamweleza taratibu, "Shosho, hapa tunauza, hatupeani."

Bei ndizo zilizomshinda kabisa. Shilingi moja ya Kenya ni karibu ishirini za kwetu, na mama alikuwa anazidisha papo hapo. Nyanya nne shilingi hamsini, yeye anasema elfu moja, kwa sauti, mbele ya muuzaji. Mwanzoni nilikuwa namwacha nyumbani nikienda sokoni, halafu nikaona ninakosea. Nikampa mimi fedha ya wiki, ya mboga na nauli na mkaa, akaishika yeye. Siku ya tano ilikuwa imeisha. Hakusema kitu. Lakini simu aliyompigia dada yake jioni ile niliisikia kupitia pazia: "Hawa watoto wanajibana, wewe. Wanajibana." Barua zote za taarifa tulizowahi kuandika nyumbani hazijawahi kufanya kazi ya ile simu.

Baba mkwe alikuja Agosti kumchukua. Alifanya kazi reli ya TAZARA mpaka anastaafu, kwa hiyo matembezi yake hayakuhitaji tembo. Tulimpeleka Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni, nikampa kitabu cha historia ya mji akafurahi kusoma kwamba Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo tu cha mafundi wa reli. Kuna behewa pale ambalo simba aliingia usiku akamtoa ofisa wa polisi, Ryall, kule Kima mwaka 1900. Watoto walitaka kuona dirisha. Mzee hakujali simba. Aliinama chini ya behewa akaangalia breki, akatoka na mafuta mkononi na tabasamu ambalo mume wangu anasema hakuwa ameliona tangu utotoni. Mjue mgeni wako kwanza, ndipo uchague pa kumpeleka.

Mwezi uliopita wifi ameniandikia. Anataka kuja tena Desemba, na watoto wawili. Nilikaa na ile simu siku mbili, nikafuta mara tatu, mwisho nikatuma hivi:

"Wifi, karibu sana, tumekumiss. Desemba ibada zipo zote, tarehe 24 tunalala ukumbini tunapika chakula cha Krismasi cha mtaa, nitakuhitaji jikoni. Watoto wako watalala chini na wangu. Maji yanakuja Jumanne na Ijumaa, tunapandisha ngazi nne, kila mtu mtungi wake. Sweta muhimu. Picha piga unavyotaka, ila za kwanza ziwe za Kayole. Na ile ya mwaka ule tuliikosea sisi, si wewe, nilitakiwa nikuambie zamani."

Akakaa kimya mpaka usiku. Saa nne simu ikalia.

"Sawa wifi. Mchele nije na kilo ngapi?"