Anataka kusomea maabara, ana F ya Hesabu: jibu langu kwa dada

Dada, swali lako nililisoma jana usiku nikiwa zamu, nikaona mistari miwili haitatosha. Nilikuelewa hivi: mdogo wako kamaliza kidato cha nne, Biolojia C, Kemia D, Fizikia D, Hesabu F. Anataka kusomea maabara ya hospitali ngazi ya cheti. Shangazi yenu anasema hiyo ni kazi ya kushika vinyesi vya watu, na pesa ya ada ni ya kiwanja mlichouza. Waliotangulia kukujibu wamesema "mpeleke tu, afya kuna hela." Mimi niko kwenye benchi la maabara ya hospitali mwaka wa tisa na nilianzia hukohuko cheti. Nitakueleza nilivyopita mimi.

Tuanze na matokeo, hili ni jepesi. Kinachotakiwa ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Kama kafaulu na Kiswahili au Jiografia, yanatimia. Hesabu na Kiingereza huhesabiwa kama nyongeza, kwa hiyo F yake haimfungii mlango. Mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, hutoka kila mwaka. Usome mwenyewe, tena uangalie na jina la chuo kama limo, kabla hujamsikiliza dalali yeyote anayekupigia simu kwamba "nafasi zinaisha kesho".

Hapohapo kwenye mwongozo kuna mtego. Kuna kozi mbili zenye majina yanayofanana. Moja ni ya maabara za afya, hiyo ndiyo yenu. Nyingine ni sayansi na teknolojia ya maabara, inayowapeleka watu kwenye maabara za shule, viwanda na vyuo. Ni kozi nzuri tu, ila ukimaliza hiyo Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya halikusajili, na bila usajili na leseni ya Baraza huwezi kusaini jibu la mgonjwa. Nina rafiki yangu aliligundua hili mwaka wa pili, ada imeshaliwa. Leo anasimamia maabara ya shule ya sekondari na maisha yanakwenda, lakini sicho alichokiuzia ng'ombe.

Mwaka wa kwanza ni ngazi ya 4, wa pili ngazi ya 5, wa tatu ngazi ya 6 ambayo ndiyo stashahada. Akiishia ya 5 ni msaidizi, yaani mteknolojia msaidizi kwa lugha ya matangazo ya ajira. Mimi niliishia hapo kwa sababu mzee aliugua na ada ikageuka dawa. Nikafanya kazi miaka mitatu kama msaidizi, ndipo nikarudi kumalizia. Sijutii ile miaka mitatu. Ila kama pesa ya kiwanja inafika mwaka wa tatu, asisimame njiani, maana kurudi darasani ukiwa na mtoto na mkopo wa pikipiki ni kazi nyingine kabisa. Bodi ya Mikopo nayo ilianza kukopesha stashahada za vipaumbele mwaka wa masomo 2023/24, kwa hiyo fuatilieni na huko.

Sasa nije kwenye lile ambalo hukuuliza, na ndilo nililokaa kuandikia.

Nikiwa fildi, yaani mafunzo ya vitendo, mwaka wa pili, hospitali moja ya wilaya, nilitumwa wodini kutoa damu ya mama mmoja mtu mzima. Mishipa yake ilikuwa inakimbia. Nilichoma mara mbili, nikajaza chupa ya kifuniko cha zambarau vizuri, ile ya kuhesabia chembe za damu. Ya pili, ya kifuniko cha njano kwa ajili ya kemia, ikapata tone mbili tatu tu. Niliona aibu kumchoma mara ya tatu mbele ya binti yake. Nikarudi maabara, nikafungua ya zambarau, nikamimina kidogo kwenye ya njano. Damu ni damu, nikajisemea.

Baada ya saa moja hivi simu ya maabara ikalia. Daktari wa zamu alikuwa na karatasi ya majibu: potasiamu 14, kalsiamu karibu na sifuri. Kwa kawaida potasiamu inacheza kwenye 3.5 hadi 5 hivi. Inchaji wetu, yaani msimamizi wa maabara, mama mmoja mfupi asiyepaza sauti, alisikiliza, akauliza swali moja: "Mgonjwa anafanya nini sasa hivi?" Akajibiwa amekaa kitandani anakunywa uji. Mama akakata simu, akanigeukia. "Mwanangu, mwenye potasiamu hiyo hakai akanywa uji. Hii damu umeitoa wapi?"

Ndani ya chupa ya zambarau kuna dawa ya kuzuia damu isigande, inaitwa EDTA. Inafanya kazi kwa kuikamata kalsiamu yote, na yenyewe imetengenezwa kwa chumvi ya potasiamu. Kumbe mimi nilikuwa nimemwekea mgonjwa ugonjwa ambao hana. Daktari asiyemwona mgonjwa wake angeanza kumtibu moyo. Ndiyo maana hata kujaza chupa kuna mpangilio: chupa za kuotesha bakteria kwanza, halafu ya bluu, nyekundu au njano, kijani, kisha zambarau, na ya kijivu ya sukari mwisho. Darasani niliukariri kama shairi na mtihani nikapata. Maana yake niliijua siku ile, nimesimama mbele ya inchaji yule.

Nilisema ukweli. Hakunifukuza. Alinirudisha wodini nimwombe mgonjwa radhi na nimchome tena, na kuanzia siku ile alinipa sampuli ngumu yeye mwenyewe. Baadaye sana aliniambia kwamba kama ningesema "sijui, labda mashine", angeniandikia ripoti chuoni nisirudi.

Kwa hiyo dada, kabla ya ada, mwangalie mdogo wako kwa jambo moja. Ukimtuma dukani akapoteza chenji, anakwambia kapoteza, au anatunga? Kemia ya D inanyanyuka, nimeona watu wakiinyanyua. Mwenye kutunga sijaona akipona. Kazi yetu mgonjwa haioni, daktari haioni, kinachoonekana ni karatasi tu. Saa nane usiku uko peke yako na slaidi ya malaria. Utaratibu unakutaka upitie walau sehemu 100 kwenye lenzi ya 100 yenye mafuta ndipo uandike hakuna vimelea. Ukipitia 20 ukaandika hakuna, nani atajua? Atajua mtoto aliyerudishwa nyumbani na homa yake.

Shangazi mwambieni hivi: choo tunapima, ndiyo. Slaidi moja, tone la maji ya chumvi upande huu, tone la ayodini upande ule, unatafuta mayai ya safura, minyoo ya kawaida, amiba. Harufu unaizoea wiki ya pili. Mimi nafanyia kazi kanda ya ziwa, huku kichocho ni jirani yetu. Kijana wa mwaloni, kule wanakoshusha samaki, akija na mkojo wa damu, ukichukua sampuli ya alfajiri unaweza usione kitu. Mayai hutoka kwa wingi mchana, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Unauzungusha ule mkojo kwenye mashine, unamwaga maji ya juu, unaweka tone lililobaki kwenye hadubini, na unaliona yai lenye mwiba mkiani. Lile lenye mwiba ubavuni ni ndugu yake, linaonekana kwenye choo. Mara ya kwanza kuliona mwenyewe bila kuonyeshwa niliita chumba kizima. Hakuna aliyekuja, walikuwa wameshaona elfu.

Malaria ndiyo itakula muda wake mwingi. Atafundishwa kupaka tone nene na tone jembamba kwenye slaidi moja. Jembamba linagandishwa kwa methanoli, nene haliguswi, maana linatakiwa lipasuke chembe nyekundu ili vimelea vibaki wazi. Wanafunzi wengi wanachovya vyote viwili, halafu wanashangaa kuona matope. Rangi ya Giemsa ya asilimia 10 dakika 10 kama foleni ni ndefu, ya asilimia 3 dakika 30 hadi 45 kama unataka slaidi safi. Rangi isiyochujwa inaacha vidoa, na vidoa hivyo kwa macho ya mgeni ni vimelea kabisa. Nilishawahi kumpa mtu mzima "malaria tatu" za vidoa, inchaji akazifuta kwa kalamu nyekundu.

Na ile F ya Hesabu? Kuhesabu vimelea ni hivi: unahesabu vimelea huku unahesabu chembe nyeupe mpaka zifike 200, unazidisha kwa 8,000, unagawanya kwa 200. Yaani unazidisha kwa 40. Kuna na kuchanganya dawa kwa uwiano. Hesabu za darasa la saba, ila lazima ziwe sahihi kila siku. Mwanzishie nyumbani sasa hivi wakati anasubiri udahili.

Kuchagua chuo. Hapa ndipo pesa ya kiwanja inapopotea. Usiangalie geti wala basi la chuo. Nenda siku ya kazi, omba kuona maabara ya mafunzo, uhesabu hadubini zinazowaka, halafu uulize darasa lina wanafunzi wangapi. Chuo nilichosoma tulikuwa watu sita kwa hadubini moja, na mmoja wetu alikuwa na mikono mirefu, basi yeye ndiye aliyeona vimelea kwa niaba yetu. Fildi ndiyo iliniokoa. Kwa hiyo uliza na hilo: wanafunzi wanapelekwa hospitali gani, wiki ngapi, na nani anawasimamia kule. Chuo kilichobanana na hospitali yenye benki ya damu na chumba cha vijidudu kina faida kubwa kuliko chenye ghorofa. Ukikutana na mwanafunzi wa mwaka wa pili mlangoni muulize kashachoma mishipa mingapi. Akicheka tu, umepata jibu.

Benki ya damu nayo asiikwepe fildi. Wengi wanaikimbia kwa sababu kosa la pale halina marudio. Chupa ya damu ni mililita 450, inakaa kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 6, na kabla haijafika kwa mgonjwa imeshapimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Kinachoua mara nyingi hapo ni jina. Kuna Neema watatu wodi ya wazazi, chupa ya sampuli imeandikwa Neema tu, saa kumi alfajiri. Andika majina yote, namba ya mgonjwa na saa, ukiwa umesimama pembeni ya kitanda chake, usiandike ukifika maabara.

Ajira sitakudanganya. Nafasi za serikali zinatangazwa kwa vipindi na wanaoomba ni wengi. Wenzangu wengi walianza kwa kujitolea kituo cha afya kwa posho ya nauli na chakula, au maabara binafsi mjini ambako unapima asubuhi mpaka taa zinawashwa. Mimi nilijitolea miezi kumi na moja. Aliyekaa nyumbani akisubiri tangazo alisahau mkono, na kwenye usaili wa vitendo mkono ndio unaoulizwa. "Afya kuna hela" ni maneno ya watu wa nje. Kuna mshahara, kuna zamu, na kuna jirani wanaokuletea mkojo nyumbani kwenye chupa ya maji.

Mwisho, jambo ambalo vyuo vingine hulisahau: chanjo ya homa ya ini B. Ni dozi tatu, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Aanze kabla ya kwenda fildi, asisubiri kuambiwa. Na siku sindano ikimchoma, maana kuna siku itamchoma, asiminye wala asinyonye kidole. Maji yanayotiririka na sabuni, kisha amwambie msimamizi saa ileile. Dawa za kinga dhidi ya virusi vya Ukimwi zinaanzwa mapema kadiri inavyowezekana, mwisho saa 72, na zinamezwa siku 28. Mwenzetu mmoja alificha siku mbili kwa kuogopa kusemwa. Alikuja kuniambia usiku wa pili, tukaenda wote, akawahi. Alitapika mwezi mzima kwa zile dawa na vipimo vyote vikatoka salama.

Ukipata majina ya vyuo unavyovifikiria yaweke hapa, nitakwambia ninavyovifahamu kwa kufanya kazi na vijana wao. Zamu yangu ni ya usiku mpaka Ijumaa, kwa hiyo mchana nikikawia nitakuwa nimelala.