Mapato ya nje ya 8(a): yaanze kabla ya mwaka wa tano

Mimi ni mtunza hesabu wa kampuni ndogo hapa Maryland. Wateja wangu wengi ni Watanzania, Wakenya na Wakongo waliopata uraia wa Marekani, wakafungua kampuni za usafi, usafirishaji, kompyuta na ukalimani. Mtu akishapokelewa kwenye programu ya 8(a), hunipigia simu na swali lile lile: mkataba wa kwanza utakuja lini? Ni nadra kumsikia anayeuliza mwaka wa tano utakuwaje. Mimi nitaanzia huko huko kwenye mwaka wa tano, maana ndipo kampuni nyingi ninazozijua huanza kutokwa jasho.

Kwa ambaye ndiyo kwanza anasikia, 8(a) ni jina la kifungu cha Sheria ya Biashara Ndogo ya Marekani, na programu yenyewe inaendeshwa na SBA, wakala wa serikali kuu unaoshughulikia biashara ndogo. Mwenye kampuni lazima awe raia (green card haitoshi), amiliki angalau asilimia 51, na athibitishe kwamba amekwamishwa kijamii na kiuchumi. Zamani watu wa makundi fulani, Waafrika wakiwemo, walichukuliwa moja kwa moja kuwa wamekwamishwa. Hukumu ya mahakama ya shirikisho huko Tennessee ya Julai 2023 iliondoa hilo, na baada yake kila mmoja akatakiwa kueleza kwa maandishi yaliyompata yeye mwenyewe.

Utamu wa 8(a) ni mikataba ya moja kwa moja. Idara ya serikali ikikupenda, na thamani ya kazi ikiwa ndani ya kiwango kilichowekwa, inaweza kukupa mkataba bila kukushindanisha na mtu. Muda wa kuufaidi ni miaka tisa: minne ya kukua, mitano ya kujiandaa kutoka. Mtu hutumia nafasi hii mara moja tu maishani mwake. Huwezi kumaliza miaka tisa, ukafungua kampuni nyingine kwa jina lako, ukaomba tena.

Sasa sheria yenyewe. Katika ile miaka minne ya mwanzo hakuna asilimia inayokubana. Unatakiwa tu uonyeshe juhudi za kweli za kutafuta wateja wengine, kwa kufuata mpango wa biashara uliouwasilisha. Kuanzia mwaka wa tano namba zinaingia. Angalau asilimia 15 ya mapato yako yote ya mwaka huo itoke nje ya 8(a). Mwaka wa sita ni asilimia 25, wa saba 30, wa nane 40, na wa tisa 50.

Chanzo chake ni kisa kilichowaumiza wengi. Miaka ya 1980 kulikuwa na kampuni ya Bronx, New York, iliyoitwa Wedtech, iliyokua haraka kwa mikataba ya jeshi ya bila ushindani kupitia 8(a). Baadaye ilibainika kwamba ilikuwa imehonga watu wakubwa na kudanganya kuhusu nani anaimiliki. Ilianguka mwishoni mwa 1986, na mbunge mmoja wa huko New York akatiwa hatiani. Mwaka 1988 Bunge la Marekani lilipitisha mageuzi ya programu, na tangu hapo kampuni hupimwa pia kwa uwezo wake wa kusimama bila 8(a). Aliyetoka Kenya akiijua AGPO, mpango wa serikali ya kule, na ile asilimia 30 ya zabuni zinazotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asichanganye mambo. Kule unazungumzia fungu la zabuni lililotengwa. Huku, pamoja na fungu, unapewa tarehe ya kuondoka na unapimwa kila mwaka unavyoikaribia.

Ukizisoma asilimia hizo kwa haraka zinaonekana ndogo. Zigeuze ziwe dola uone. Asilimia 15 ya mapato yote maana yake ni kwamba kwa kila dola ya 8(a) utafute karibu senti 18 za nje. Asilimia 25 ni senti 33. Asilimia 30 ni senti 43, 40 ni senti 67, na 50 ni dola kwa dola. Chukua kampuni ya usafi inayoingiza dola 1,200,000 kwa mwaka kutoka 8(a). Mwaka wa tano inahitaji kama dola 212,000 za nje. Mwaka wa sita ni 400,000, wa saba 514,000, wa nane 800,000, na wa tisa 1,200,000 kamili. Hapo tumeshika mapato ya 8(a) bila kuyaongeza hata senti.

Na ni nani asiyetaka kuyaongeza? Tuseme katika mwaka wa saba kampuni hiyo hiyo inapata mkataba mpya wa 8(a) wa dola 600,000 kwa mwaka. Watu wanapongezana, picha zinapigwa. Kwenye daftari langu, deni la mapato ya nje limepanda kutoka 514,000 hadi 771,000 siku ile ile. Mafanikio yako ndani ya 8(a) ndiyo yanayokusukuma chini ya kiwango, na hili wenye kampuni wengi huligundua wakati wa mapitio ya mwaka, fomu ikiwa tayari mezani.

Hii ndiyo sababu nawasisitizia wageni wa programu waifanye kazi ya kutafuta wateja wa nje ndani ya miaka minne ya mwanzo. Mteja wa nje hapatikani kwa mwezi mmoja. Ukianza kumtafuta mwaka wa tano, mapato yake yataonekana mwaka wa sita, wakati kiwango kimeshapanda tena.

Kuna jambo linaloeleweka vibaya sana: wengi hudhani wanaambiwa waache serikali waende kwa watu binafsi. Sivyo. Kinachohesabiwa ni kama mkataba umepitia 8(a) au haukupitia. Zabuni ya serikali kuu uliyoshinda kwa ushindani wa wazi ni mapato ya nje. Iliyotengewa biashara ndogo kwa jumla ni mapato ya nje. Iliyotengewa kampuni za wanawake, au za HUBZone, yaani maeneo yaliyo nyuma kibiashara, nayo ni mapato ya nje. Kazi za jimbo, kaunti, shule na hospitali ni hivyo hivyo. Kwa hiyo dada mwenye kampuni ya 8(a) ambaye hajaomba pia cheti cha kampuni ya mwanamke anaacha mlango wazi bila kuupita. Ubia wa 8(a) ndio unaowachanganya watu: fungu lako katika mkataba wa 8(a) mlioupata kwa ubia linabaki kuwa la 8(a), hata kama mbia wako ni kampuni kubwa inayokulea kibiashara.

Huku kwetu mahali pa kwanza pa kutazama ni jimbo. Maryland hutangaza zabuni zake kwenye tovuti ya eMMA, Virginia kwenye tovuti ya eVA, na kujisajili hakuhitaji wakili. Maryland ina pia cheti chake cha kampuni za watu wa makundi ya wachache, MBE, na huo si mkondo wa 8(a) hata kama majina ya wahusika yanafanana.

Mahali pa pili ni chini ya wakandarasi wakubwa. Kampuni kubwa ikipata mkataba mkubwa wa serikali kuu hulazimika kuwasilisha mpango wa kuzipa kazi kampuni ndogo, na baadaye huulizwa kama imeutimiza. Ina mtu maalumu anayeshughulikia kampuni ndogo. Mtafute huyo, usimtafute mkurugenzi. Ukimaliza kazi chini yao, una haki ya kuomba tathmini ya maandishi ya utendaji wako. Iombe mara moja, kabla meneja mliyefanya naye kazi hajahamia kampuni nyingine. Tathmini hiyo ndiyo utakayoiambatanisha kwenye zabuni za ushindani, ambako neno la kirafiki la afisa wa 8(a) halikusaidii sana.

Kwa wenzangu wa ukalimani nina ushauri wa pekee. Kiswahili, Kinyarwanda na Kilingala vinahitajika hospitalini, mahakamani na mashuleni, kila mahali walipofikia wakimbizi na wahamiaji. Taasisi inayopokea fedha za serikali kuu inabanwa na Title VI ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 kumhudumia asiyejua Kiingereza vizuri kwa lugha anayoielewa. Kwa hiyo hospitali ya kaunti hainunui ukalimani kwa hisani. Mkataba mmoja wa hospitali unaweza kuwa mdogo, lakini huja kila wiki, na mitatu au minne ya namna hiyo inabeba kampuni ndogo kuupita mwaka wa tano.

Wenye usafi na ulinzi wana tatizo jingine, nalo ni bei. Mikataba ya huduma ya serikali kuu hufuata viwango vya mishahara vilivyowekwa chini ya Service Contract Act, pamoja na posho yake, na wewe umezoea kupanga bei juu ya viwango hivyo. Peleka karatasi hiyo hiyo kwa mwenye jengo la ofisi la watu binafsi, atakushukuru kwa adabu na hatakupigia tena. Unahitaji karatasi mbili za bei, na pengine msimamizi mwingine anayejua kuendesha kazi yenye faida nyembamba. Kisha kuna malipo: serikali kuu kwa kawaida hutakiwa ikulipe ndani ya siku 30 baada ya ankara sahihi, na ikichelewa inalipa riba. Mteja binafsi anaweza kukuwekea siku 60 ndani ya mkataba, na wewe wafanyakazi wako wanataka mshahara kila wiki mbili. Ongea na benki kuhusu mkopo wa mzunguko wakati mikataba yako ya 8(a) bado inaingiza fedha vizuri. Benki humsikiliza zaidi mtu asiyeonekana kuwa na shida.

Upande wa vitabu, ambao ndio ugali wangu, mambo ni machache ila hayana mjadala. Mwaka wa programu huanza tarehe uliyopokelewa. Kama barua yako ni ya tarehe 14 Agosti, basi mwaka wako ni Agosti hadi Agosti, na ripoti ya Januari hadi Desemba aliyoitengeneza mtu wako wa kodi haitajibu swali la SBA. Kila ankara iwekewe alama siku inapoandikwa: 8(a), serikali kuu nje ya 8(a), jimbo na kaunti, chini ya mkandarasi, binafsi. QuickBooks, programu ya kompyuta ya kutunza hesabu, inafanya hivyo bila gharama ya ziada ya maana. Kisha kila robo mwaka piga hesabu ya asilimia yako. Ukijua miezi mitatu kabla kwamba umepungukiwa, bado kuna la kufanya. Ukaguzi nao umekuwa mkali: Juni 2025 SBA ilitangaza kuikagua programu nzima, na Desemba mwaka huo ikawaandikia washiriki ikitaka hati za fedha za miaka mitatu. Aliyekuwa na vitabu safi alituma faili. Wengine walikesha.

Ukikosa kiwango, hufukuzwi siku hiyo. SBA hutazama kama ulifanya juhudi za dhati. Ikiona hukufanya, unafungiwa mikataba mipya ya moja kwa moja kwa mwaka huo wa programu, ingawa unaweza bado kushindania zabuni za 8(a). Juhudi za dhati zina maana mahususi hapa: ama uonyeshe kwamba uliomba zabuni za nje ambazo, kama ungezishinda, zingekufikisha kwenye kiwango, ama kuwe na mazingira yaliyokuwa nje ya uwezo wako, kwa mfano bajeti ya serikali kukwama au mkandarasi mkuu kukupa kazi pungufu kuliko mlivyokubaliana.

Soma tena sehemu ya kwanza ya maana hiyo, ile ya zabuni ulizoomba. Zabuni uliyoshindwa ina thamani. Usiifute kwenye kompyuta kwa hasira. Tunza nakala ya ulichowasilisha, bei yake, tarehe, na barua ya kukataliwa. Na uombe zabuni zenye ukubwa wa kutosha: zabuni kumi za dola 5,000 hazitamshawishi mtu kwamba ulikuwa njiani kuziba pengo la dola 300,000.

Aliyefungiwa anaweza kufunguliwa kabla mwaka haujaisha, akionyesha mapato ya nje na mikataba mipya ya nje inayofikia au kupita kiasi alichopungukiwa mwaka uliotangulia. Mweleze mapema afisa wa SBA anayekusimamia, kwa barua pepe, si kwa simu peke yake. Kabla ya kumlipa mshauri yeyote aliyekufuata kanisani, msikitini au kwenye kundi la WhatsApp, nenda APEX Accelerators, vituo vya kusaidia kampuni kutafuta mikataba ya serikali, vilivyokuwa vikiitwa PTAC. Vipo katika kila jimbo, na sehemu kubwa ya msaada wao ni bure. Wapo washauri wazuri wa kulipwa, siwakatai, ila wengi wanaotufuata sisi wanauza fomu ambayo ungeijaza mwenyewe.

La mwisho linahusu ile kazi unayoifanya sasa na kuipenda. Kazi ikishaingia 8(a), kwa kawaida hubaki humo. Mkataba wako ukiisha baada ya wewe kumaliza miaka tisa, kazi ile ile, jengo lile lile, wafanyakazi pengine wale wale, huenda kwa kampuni nyingine iliyo bado ndani ya programu, na wewe huruhusiwi hata kuiomba kama mshiriki wa 8(a). Mkataba ulioupata ukiwa ndani unaweza kuendelea hadi ukomo wake, ila mrithi wake si wako. Kwa hiyo andika kwenye ukurasa mmoja mikataba yako yote ya 8(a), mwezi na mwaka ambao kila mmoja unaisha, na pembeni jina la mteja wa nje atakayeziba pengo hilo. Kama nafasi ya pembeni ni tupu na wewe uko mwaka wa tatu, muda bado unao, na simu za kupiga unazijua.