Blogu ya duka dogo: anza na maswali ya wateja wako wa WhatsApp

Blogu nyingi za biashara ndogo hapa Mombasa zimejaa heri za Idi, picha za ofisi iliyopakwa rangi na sentensi za "sisi ndio bora Pwani". Hakuna mteja anayetafuta maneno hayo Google. Mtu wa Nyali ambaye AC yake inadondosha maji usiku huandika "AC inavuja maji ndani". Fundi aliyekwisha kulijibu swali hilo kwenye tovuti yake ana nafasi nzuri ya kupigiwa simu asubuhi.

Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote, fungua WhatsApp ya biashara na upitie mazungumzo ya miezi mitatu iliyopita. Nakili maswali ya wateja kwa maneno yao wenyewe, hata kama tahajia imekosewa, kisha uhesabu yanayojirudia. Chukua swali moja, uliandike Google kwenye dirisha la faragha ili historia yako isiingilie matokeo, na utazame mapendekezo yanayoshuka chini ya kisanduku. Soma pia kurasa tano za kwanza zinazotokea. Zikiwa ni za kampuni za ng'ambo zinazoeleza mambo kwa jumla, una nafasi: wao hawajui kwamba chumvi ya bahari hula mapezi ya alumini ya mashine ya nje, na kwamba nyumba iliyo karibu na ufuo inahitaji kuoshewa mashine hiyo kwa maji yasiyo na chumvi mara nyingi zaidi kuliko nyumba ya bara.

Lugha nayo inataka uamuzi. Mteja yule yule huuliza kwa Kiswahili kwenye simu, kisha akatafuta Google kwa Kiingereza. Usichanganye lugha mbili ndani ya ukurasa mmoja ukidhani utawapata wote. Tengeneza kurasa mbili, kila moja na anwani yake, na uziunganishe kwa alama ya hreflang inayoiambia Google kwamba ni ukurasa ule ule kwa lugha mbili, kila ukurasa ukijitaja wenyewe na kumtaja mwenzake. Tafsiri ya mashine isiyopitiwa na mtu iache kabisa.

Sasa uandishi wenyewe. Kichwa kisizidi herufi 60 hivi, la sivyo Google hukikata: "AC inavuja maji ndani? Sababu na marekebisho, Mombasa" kinatosha. Aya ya kwanza itoe jibu papo hapo: mara nyingi bomba la kutolea maji limeziba kwa utelezi na vumbi, au kichujio kichafu kimefanya koili igande barafu ambayo baadaye huyeyuka; zima mashine, osha kichujio, kisha uangalie kama ncha ya bomba upande wa nje inatoa maji. Msomaji akishapata hilo, ataendelea kusoma kwa hiari yake. Ndipo ueleze ni lini jambo limemshinda na aite fundi, na umwambie ukweli ambao wengi huuficha: gesi ikipungua kuna mahali inatoka, na kuongeza gesi bila kuziba hapo ni kutupa pesa. Sentensi kama hiyo humfanya akuamini kuliko aya tatu za sifa.

Andika bei. Wenye biashara huogopa, lakini bei ndiyo mteja anayoitafuta. Weka kiwango cha chini na cha juu, taja kinachoibadilisha (ukubwa wa mashine, ghorofa, haja ya ngazi ndefu), na uweke tarehe. Kuhusu urefu, Google haina idadi ya maneno inayoitaka. Swali likiisha kwa maneno 500, ishia hapo.

Picha ndizo zinazozamisha tovuti nyingi. Picha ya simu inaweza kuwa na MB 4 au zaidi, na mteja aliyeko Likoni akitumia bando hataingoja ifunguke. Ipunguze upana hadi pikseli 1200, iwe WebP au JPEG, na ulenge chini ya KB 150. Andika maelezo mafupi ya picha kwa ajili ya wasioona na kwa ajili ya Google, na utaje upana na kimo chake ili ukurasa usirukeruke unapofunguka. Kipimo cha Google ni kwamba kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5.

Kila makala iwe na linki ya kwenda kwenye ukurasa wa huduma, kwa maneno yanayoeleza, mfano "kuosha AC Nyali na Bamburi". "Bonyeza hapa" haimwambii Google chochote. Ukurasa wa huduma nao urudishe linki kwenye makala.

Makala isipoonekana kabisa, angalia kwanza mipangilio ya usomaji kwenye WordPress, ikiwa tovuti yako imejengwa kwa programu hiyo: kuna kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti, na mara nyingi aliyeijenga husahau kukiondolea alama. Kosa jingine ni kurasa kumi zinazofanana zilizobadilishwa jina la mtaa tu, Tudor, Kizingo, Changamwe. Sera za Google huzihesabu kuwa spam, yaani hila za kudanganya matokeo. Tangu Machi 2024 sera hizo zinataja waziwazi makala zinazozalishwa kwa wingi ili kupanda matokeo tu, ziwe zimeandikwa na mtu au na mashine. Na ukiwa na makala mbili zinazojibu swali moja, ziunganishe kuwa moja, kisha uielekeze anwani ya zamani kwenye mpya kwa 301, yaani uhamisho wa kudumu.

Sajili tovuti kwenye Google Search Console, chombo cha bure kinachokuonyesha jinsi tovuti yako inavyotokea kwenye utafutaji, na uwasilishe ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zake. WordPress tangu toleo 5.5 huitengeneza yenyewe kwenye wp-sitemap.xml. Baada ya wiki kadhaa fungua ripoti ya utendaji. Makala inayoonyeshwa mara nyingi ikiwa kati ya nafasi ya 8 na 20 ndiyo ya kushughulikia kwanza: tazama maneno yaliyoileta na uongeze majibu yanayokosekana. Iliyo juu lakini haibonyezwi inahitaji kichwa kipya. Ukitafutwa kwa maneno kama "fundi AC karibu nami", ramani ya Google yenye biashara za karibu ndiyo hutangulia, kwa hiyo wasifu wa biashara wa Google uwe na jina, simu na anwani zile zile zilizo kwenye tovuti.

Mwisho ni msimu. Joto la kaskazi huanza kubana Desemba, na makala huchukua wiki hadi miezi kupanda, hivyo ya kuosha AC iwe hewani kufikia Septemba au Oktoba. Usiweke mwaka kwenye anwani ya ukurasa. Kila msimu badilisha bei na tarehe kwenye anwani ile ile, ili linki ilizokwisha kupata zisipotee.