Kuhusu dawa ya nywele kwa mtoto wa miaka minne
Mama mwenzangu, umeuliza kama mtoto wa miaka minne unayemlea anaweza kutiwa dawa ya kulainisha nywele saluni, na naona wasiwasi wako una msingi. Dawa hizo, hata zile zenye picha ya mtoto kwenye boksi, kwa kawaida hutumia alkali kali (kemikali inayounguza) ambayo pH yake, yaani kipimo cha ukali wa asidi au alkali, hufikia 12 au zaidi, nayo haichagui kati ya unywele na ngozi ya kichwa. Binti yangu alipakwa akiwa na miaka sita. Alilalamika kwamba inawasha, msusi akamwambia avumilie kidogo, na tulipomwosha tukakuta kidonda nyuma ya sikio. Msuke mabutu yasiyobana, na ukiona vipele kwenye ukingo wa nywele, fumua siku hiyohiyo.